Kozi iliyonifundisha kuacha kumtahini mume wangu

Nilijiandikisha kwenye kozi hii nikitafuta mazoezi ya kumpa mume wangu. Ilikuwa miezi 14 tangu apate kiharusi. Nilikuwa nimeshabandika vikaratasi vyenye majina ya vitu kwenye milango na makabati, nimeshajipangia ratiba ya asubuhi na ya jioni, na nilifungua ukurasa wa kwanza kalamu ikiwa mkononi, tayari kunakili maneno ya kumfanyisha. Nusu saa ilipita sijaandika hata neno. Mtu aliyekuwa anafundishwa nilikuwa mimi.

Kozi inaitwa Better Conversations with Aphasia. Imetengenezwa na watafiti wa University College London, wakiwemo Suzanne Beeke na Wendy Best, na imekuwa mtandaoni tangu 2013. Ni ya bure. Ina sehemu ya watu wenye afasia na jamaa zao, na sehemu nyingine ya wataalamu wa tiba ya usemi. Nimeipitia yote ya jamaa, na ile ya wataalamu nimeisoma kwa kuchungulia, maana kiu ilikuwa kubwa.

Kwa ambaye hajakutana na neno hili: afasia ni lugha kuharibika kwa sababu ubongo umeumia, mara nyingi kwa kiharusi, na mara nyingi upande wa kushoto. Karibu theluthi moja ya wanaopata kiharusi huipata. Mtu hachanganyikiwi akili. Anajua anachotaka kusema, anamjua mkewe, anajua kwamba mgeni amechelewa kuondoka. Kilichokatika ni njia ya kutoka kwenye wazo kwenda kwenye neno, na kwa wengine hata njia ya kurudi, ya kuelewa wanachoambiwa. Mume wangu anaelewa mengi na anasema machache. Kitenzi chetu kinabeba mzigo mkubwa, nani kafanya, lini, kwa nani, vyote ndani ya neno moja kama “nilimpelekea”, na kwake mzigo huo wote umedondoka njiani. Kinachofika ni “peleka”. Halafu kimya. Halafu “mtoto”. Halafu “jana”. Anayetaka kuelewa anapaswa kuvishona mwenyewe.

Jambo linalowapoteza wageni ni salamu. Habari za siku nyingi? Nzuri. Za nyumbani? Salama. Afya je? Hatujambo, tunashukuru. Zinamtoka zote sawasawa, kwa sauti yake ileile ya zamani, kwa sababu maneno ya mazoea, kama salamu, dua na kuhesabu, mara nyingi hubaki hata lugha nyingine ikivunjika. Mgeni anakaa akifurahi: “Mbona mzee amepona!” Anamuuliza swali la kwanza la kweli, na hapo ndipo chumba kinapoganda. Nimeshaona watu wakigeuka palepale na kunielekea mimi, wakimuuliza hali yake kwangu, naye amekaa hatua mbili kutoka kwao.

Sasa niseme kozi inafanya nini. Inakuonyesha vipande vya video vya watu halisi wenye afasia wakizungumza na wenzi wao, mazungumzo ya kawaida ya nyumbani, na inakuomba uangalie: hapa maongezi yalikwenda, hapa yalikwama, kilichoyakwamisha ni nini? Kisha inakuomba ujirekodi wewe. Hakuna nadharia ndefu. Ina makundi mawili tu ya kuyatafuta, vizuizi na visaidizi, na yote mawili yanahusu kinachotokea kati ya watu wawili. Hilo nililisoma mara kadhaa kabla halijaniingia, kwa sababu kwa miezi 14 nilikuwa nimeiweka afasia yote kichwani mwa mume wangu.

Kizuizi cha kwanza kilichonichoma ni swali la mtihani, yaani swali ambalo anayeuliza tayari analijua jibu. Hii inaitwaje? Leo siku gani? Huyu kwenye picha ni nani? Mwalimu darasani huuliza hivyo, na ni sawa, ndiyo kazi yake. Watu wazima wawili sebuleni hawaulizani hivyo. Nilipokuwa nikitazama wengine nilijiambia kwamba mimi sifanyi sana. Basi nikaegemeza simu kwenye rundo la vitabu, nikaiacha irekodi dakika 10, na usiku alipolala nikakaa na kalamu nikihesabu.

Maswali 23. Kati ya hayo, 17 nilikuwa nayajua majibu.

Kuna kipande cha sekunde kama 40 ambacho nimekitazama mara nyingi kuliko ninavyoweza kusema. Mume wangu ananyoosha mkono wa kushoto, ule mzima, anachukua miwani yake mezani. Naichukua mkononi mwake. Namwinulia. “Hii ni nini?” Ananiangalia. “Mi... mi...” “Ndiyo, miwa...” “Miwani.” Napiga makofi, nasema “Vizuri sana!”, na sauti yangu imepanda juu kama ya mtu anayeongea na mtoto wa miaka mitatu. Yeye anageuza uso dirishani. Mara ya kwanza niliona hayo tu. Mara ya pili niliona bahasha. Ilikuwa kando ya meza, na kabla hajagusa miwani alikuwa ameisogeza kwa kiwiko kuelekea kwangu. Alikuwa ananiambia jambo. Kuna barua, niisome au tuisome, nipe miwani. Lilikuwa limeshasemwa lote, kwa kiwiko na kwa mkono, na mimi nikalikatiza ili anitajie jina la kitu ambacho sote wawili tunakijua tangu tuoane.

Nililia usiku ule, sioni haya kulisema. Kisha nikashukuru kwamba kuna mtu alifikiri kuwawekea wake na waume kamera badala ya kuwapa orodha nyingine ya maneno.

Nyuma ya kozi hii kuna utafiti wa miaka mingi kuhusu jinsi watu wote, wazima na wagonjwa, wanavyozungumza. Mwaka 1977 Emanuel Schegloff, Gail Jefferson na Harvey Sacks walionyesha kwamba katika maongezi ya kawaida, mtu akiteleza neno, wenzake humwachia nafasi ajirekebishe mwenyewe. Kumrekebisha mtu ni jambo ambalo watu hulikwepa. Mimi nilikuwa namrekebisha mume wangu mara kwa mara mchana kutwa, na nilidhani ni upendo. Na kuna suala la muda. Utafiti wa 2009 uliolinganisha lugha 10 kutoka sehemu mbalimbali za dunia ulikuta kwamba kati ya swali na jibu hupita wastani wa karibu sehemu ya tano ya sekunde. Sehemu ya tano! Kabla hujapepesa jicho mwenzako ameshaanza kujibu. Mtu anayehitaji sekunde 8 kulipata neno moja amekwishanyang'anywa zamu kabla hajafungua mdomo, na aliyemnyang'anya hata hana habari.

Kwa hiyo nilijifunza kuhesabu kimya. Moyoni, mpaka 10, macho yakiwa kwake na uso wangu umetulia. Jaribuni. Hadi 4 si kazi. Kwenye 6 kinywa kinajifungua chenyewe. Siku ya tatu nilifika 9, na kwenye 9 alisema “gari”, neno ambalo nisingelibahatisha hata ningekisia kutwa, kwa sababu mimi nilidhani tunaongea habari za daktari. Alitaka kujua gari limeuzwa au bado lipo.

Mwanangu wa kike anaifanya hii vizuri kuliko mimi. Anamwambia, “Baba, chukua muda wako, sina haraka,” kisha kweli hana haraka.

Kisaidizi kilichotufaa zaidi ni namna ya kukisia. Watafiti wawili wa Ufini, Minna Laakso na Anu Klippi, waliandika mwaka 1999 kuhusu mchezo huu wa mmoja kudokeza na mwingine kukisia, na nilipousoma niliona nyumba yetu ndani yake. Kwanza wote wawili wanakubaliana kwamba kuna jambo linatafutwa, ndipo dokezo linatoka, kisio linafuata, na likipatikana wanathibitishiana. Kosa langu lilikuwa kuruka hatua ya kwanza na ya mwisho. Nilikuwa namwaga makisio kumi mfululizo, kila moja kutoka upande wake, naye anatikisa kichwa mpaka anachoka na kusema “basi”. Siku hizi naanza na mada. Ni kuhusu mtu? Mahali? Ni la leo au la zamani? Karatasi ipo mezani, kalamu nene ipo, naandika maneno mawili matatu makubwa naye anagusa. Tukifika, namrudishia kwa sentensi nzima: “Kwa hiyo unasema gari lisiuzwe mpaka uzungumze na kaka yako.” Anasema “Eee!” Hiyo “eee” ina uzito wa mtu aliyeweka tena neno lake mbele ya watu.

Yapo mengine niliyoyaokota nje ya kozi hii na yanaendana nayo. Aura Kagan, wa Aphasia Institute ya Toronto, ana mbinu yake ya kuwafundisha watu kumsaidia mwenye afasia kuongea, na kiini chake ni kumwonyesha mtu waziwazi kwamba unautambua uwezo wake wa kufikiri. Anashauri hata kulitamka. Nilianza kumwambia mume wangu, neno linapogoma, “Najua unajua.” Kwa Kiswahili linasemeka vizuri sana, fupi, kama kumshika mtu bega. Mwaka 2001 Kagan na wenzake walichapisha jaribio ambamo waliofundishwa walikuwa watu wa kujitolea peke yao; wenye afasia hawakufundishwa kitu, na bado walionekana kushiriki vizuri zaidi walipoongea na waliofundishwa. Kama kuna jambo moja ningependa kila mwenye mgonjwa wa namna hii alijue, ni hilo.

Halafu kuna yule mzee wa Charles Goodwin. Goodwin alikuwa mtafiti wa Marekani, na mwaka 1995 aliandika kuhusu mtu ambaye kiharusi kilimwachia maneno matatu tu: ndiyo, hapana, na “na”. Matatu. Kwa hayo matatu, pamoja na sauti kupanda na kushuka, mkono, na watu wa nyumbani waliokuwa tayari kuyajenga maneno pamoja naye, aliendelea kuwa mtu wa mazungumzo: anapinga, anaongoza, anamwelekeza mwenzake mpaka aliseme lile hasa analotaka lisemwe. Goodwin alimtazama kwa miaka mingi. Yule mzee alikuwa baba yake mzazi.

Nirudi kwenye tathmini, kwa anayefikiria kuanza. Kozi yote ni kwa Kiingereza, maandishi na video. Sisi tulikaa watatu, mwanangu akawa anasimamisha video na kutafsiri, na nilichogundua ni kwamba kwenye vile vipande vya watu wakiongea hatukuhitaji tafsiri sana: mkono unaokatizwa unaonekana kwa lugha yoyote. Lakini mifano ya maneno na sarufi itabidi uitafutie ya kwako. Asiye na mtu wa kumsaidia Kiingereza atataabika.

Inawafaa zaidi watu wawili wanaoongea kila siku. Nyumba ambayo mgonjwa anazungukwa na watu sita kwa zamu, lazima mmoja ajifunze kisha awafundishe wengine, na hiyo ni kazi ya ziada. Aidha, tiba hii imebuniwa ifanywe pamoja na mtaalamu anayekaa na ninyi, mnatazama video zenu pamoja. Peke yako unaweza kufika mbali, lakini hakuna wa kukuambia “tazama tena hapo” unapojificha usione. Mimi nilijificha wiki nzima kabla ya kuhesabu yale maswali. Ukiwa na mtaalamu wa usemi, mpelekee kozi hii. Kwa mgonjwa ambaye kuelewa kwenyewe kumeharibika sana, nadhani mtaalamu hana budi kuwepo tangu mwanzo.

Na ujiandae kwa hili: haitamrudishia mgonjwa maneno. Niliwahi kutumia programu ya simu ya kumzoeza kutaja picha, sitaitaja jina. Alama zake zilipanda wiki hadi wiki, nami nikawa natuma picha za alama hizo kwa ndugu. Mezani hali ilikuwa ileile. Wataalamu wanalijua hili, kwamba maneno yaliyofanyiwa mazoezi ndiyo hasa yanayopata nafuu, na mara nyingi faida haivuki kwenda kwenye maneno mengine wala kwenye maongezi. Sisemi mazoezi ya maneno hayana kazi. Yana saa yake, na mume wangu anayafanya na mtaalamu wake, kwa hiari yake, milango imefungwa. Nilichoacha ni kuifanya nyumba nzima kuwa darasa. Vikaratasi vya kwenye makabati nilivibandua mwenyewe, na aliponiona aliitikia kwa kichwa polepole, mara tatu.

Baada ya wiki 9 nilirekodi tena, dakika 10, simu palepale. Maswali yalikuwa 8, ya mtihani 2. Lakini namba niliyoipenda ni nyingine: katika video ya kwanza hakuanzisha mada hata moja, katika hii alianzisha nne. Nilikuwa nimetarajia kuona nikitumia visaidizi vingi vipya. Ukweli ni kwamba navyo nilivitumia vichache. Baadaye nikakuta kwamba watafiti wenyewe, walipochapisha matokeo ya kundi lao mwaka 2016, waliona kitu cha aina hiyo: vizuizi vya wenzi vilipungua, visaidizi havikuongezeka. Mimi sikuona hilo kama upungufu. Nilikuwa nimesimama mlangoni kwa mwaka na zaidi. Niliposogea, alitoka mwenyewe.

Moja ya zile mada nne ndiyo iliyonifanya niandike tathmini hii. Alisema “usiku”. Nikahesabu. “Usiku... ule.” Nikauliza: ni la zamani? Eee. Linakuhusu wewe? Eee, na akagonga kifua. Akainua mkono wa kushoto, akauangusha juu ya paja kama kitu kinachodondoka. “Usiku. Mimi. Watu... nani?” Nikaandika kwenye karatasi KUANGUKA. Akaigusa kabla sijamaliza herufi ya mwisho.

Alitaka kujua aliangukaje. Nani alimkuta, nani alimbeba, saa ngapi, alisema nini cha mwisho kabla maneno hayajakatika. Kwa miezi 16 alikuwa hajui. Sote nyumbani tulikuwa tumeshahadithiana usiku ule mara mia, jikoni, kwenye simu, na kila mgeni alisimuliwa mlangoni kwa sauti ya chini. Yeye hakuna aliyemsimulia. Nadhani neno “usiku” nilikuwa nimelisikia kwake mara nyingi kabla ya hapo, na nikawa namjibu “Hapana, sasa ni mchana. Sema mchana.”

Nikavuta kiti, nikamsimulia tangu mwanzo. Nilipofika pale nilipomkuta sakafuni nilisita, nikafikiri nipunguze. Akanitazama machoni, akasema neno moja, kwa sauti ya kupanda.

“Na?”

Nikaendelea. Nikafika kwa jirani aliyevunja kufuli ya geti. “Na?” Nikafika hospitali. “Na?” Tuliongea mpaka giza likaingia, na taa aliiwasha yeye.